HAPA NI WENYEJI TU: Vita ya Mawimbi Iliyoanzia Hawaii Ikaishia kwa Matajiri wa California

Mwezi Mei 2015 waandishi wawili wa gazeti la The Guardian la Uingereza walishuka kwenye ufukwe unaoitwa Lunada Bay, kusini mwa Los Angeles, wakiwa na kamera ya kuficha. Walitaka kuhakikisha stori iliyokuwa ikizunguka kwa miaka mingi, kwamba pale kuna kundi linalomfukuza kila mgeni anayethubutu kuingia majini na ubao wake. Haikuchukua muda. Wakatukanwa, wakatishwa, wakaambiwa peupe kwamba nafasi ipo majini kwa sababu watu wanafukuzwa. Walipokwenda kituo cha polisi kuulizia, wakajibiwa kwamba hao jamaa wote wanajulikana.

Sasa shika hapo. Ukisikia kundi linalotisha watu ufukweni, picha inayokujia ni vijana wa kijiweni, hawana kazi, wanavizia simu za watu. Hawa sio. Wengi walikuwa wanaume watu wazima, wengine na mvi zao, wakazi wa Palos Verdes Estates, mji wa watu kama 13,000 uliokaa juu ya majabali ukiitazama bahari ya Pasifiki, nyumba zinauzwa kwa mamilioni ya dola. Mji una polisi wake wenyewe. Na ufukwe wanaoulinda sio wao hata kidogo, kwa sheria ya California ni mali ya umma. Mtu yeyote, hata aliyetoka kitaa cha mbali na basi lake, ana haki ya kuweka taulo pale.

Kilio chao kilikuwa kimoja: sisi ndio wenyeji.

Neno hilo, mwenyeji, ndilo lenye stori. Kwenye safingi, yaani mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, kuna maandishi utayakuta yamepakwa rangi kwenye kuta na mawe ya fukwe nyingi za dunia, yakisema hapa ni wenyeji tu. Matairi yametobolewa kwa ajili ya maneno hayo. Watu wametoka majini na damu puani. Lakini ukifuata historia yake utakuta maneno hayo yalipata nguvu kwa watu walionyang'anywa nchi nzima, halafu yakaazimwa na watu ambao hawajawahi kunyang'anywa hata sehemu ya kuegesha gari.

Kwanza ieleweke kwa nini wimbi ni la kugombania. Ukiwa umekaa Coco Beach unaona mawimbi hayaishi, utajiuliza watu wanapigania nini. Kwenye safingi mambo ni tofauti. Mawimbi mazuri huja kwa mafungu: bahari inatulia dakika kadhaa, kisha yanakuja matatu au manne makubwa yakiongozana, basi, kimya tena. Kila wimbi lina sehemu moja linapoanza kujikunja, na aliye karibu zaidi na mkunjo ndiye mwenye haki ya kulipanda. Mmoja. Mwingine akiingia mbele yake, amemkata njia na anaweza kumuumiza. Sasa weka watu arobaini wakisubiri mawimbi manne. Ni daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni, siti moja, na hakuna konda wa kupanga foleni.

Kwa hiyo foleni hupangwa na heshima. Anayejua miamba ya chini, aliyekuwepo tangu asubuhi, aliyekulia pale, hupewa nafasi. Mgeni anakaa pembeni, anasoma mazingira, anachukua yanayobaki. Kuna akili ndani ya huo utaratibu, hasa sehemu kama Pipeline kule Hawaii ambako wimbi linavunjikia juu ya mwamba ulio karibu sana na uso wa maji, na mjinga mmoja mwenye ubao anaweza kumpasua mtu kichwa. Hapo heshima ni usalama. Shida inaanza pale heshima inapogeuka umiliki.

Hawaii ndiko mchezo huu ulikokomaa. Wenyewe wanauita he'e nalu, na waliucheza machifu na watu wa kawaida, wanaume kwa wanawake, karne nyingi kabla meli za Kapteni Cook hazijaonekana mwaka 1778. Wataalamu wanabishana kulikuwa na watu wangapi visiwani siku hiyo. Wapo wanaosema laki tatu, wapo wanaofika laki nane. Lisilobishaniwa ni kilichofuata: magonjwa ya wageni yakafagia, na kufikia miaka ya 1890 Wahawaii waliobaki walikuwa kama 40,000. Wamisionari wa Kimarekani waliofika 1820 waliuona mchezo wa mawimbi kama uvivu na utupu, ingawa ukweli ni kwamba mchezo ulififia zaidi kwa sababu wachezaji walikuwa wanakufa.

Halafu ikaja ardhi. Mwaka 1848 ardhi ya visiwa ikagawanywa kwa hati, kitu ambacho wakulima wengi hawakukielewa, na kidogo kidogo mashamba makubwa ya miwa yakawa ya wageni. Mwaka 1893 wafanyabiashara, wengi wao wakiwa na asili ya Marekani, wakampindua Malkia Lili'uokalani huku askari wa manowari ya Marekani wakiwa wameshuka nchi kavu. Mwaka 1896 Kihawaii kikaondolewa kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa rasmi. Bunge la Marekani lilikuja kuomba radhi kwa mapinduzi hayo mwaka 1993, miaka mia moja baadaye. Radhi ilikuja peke yake, ardhi haikurudi.

Bahari ndiyo iliyobaki. Na hata huko wageni wakaja. Waikiki, pale unapoona mahoteli kwenye picha za watu wa fungate, palikuwa na mashamba ya magimbi na mabwawa ya samaki kabla mfereji wa Ala Wai haujachimbwa miaka ya 1920 kukausha maji. Mwaka 1908 klabu ya mitumbwi na mawimbi ilifunguliwa ufukweni pale, wanachama wake karibu wote wakiwa wazungu. Vijana wa Kihawaii wakaanzisha ya kwao, Hui Nalu, iliyosajiliwa 1911. Kwa hiyo mgawanyiko wa nani ni wa hapa na nani ni wa kuja una umri wa zaidi ya karne moja. Wahawaii wana neno lao kwa mtu wa nje, hasa mweupe: haole. Linatumika kama mzungu linavyotumika huku, linaweza kuwa la kawaida tu na linaweza kuwa tusi, inategemea limetamkwa na sura gani.

Lakini ona ukarimu wao. Mwaka 1885 wana wa mfalme watatu wa Hawaii waliokuwa wanasoma California walichonga mbao za mti mwekundu wa kule, wakaenda kuteleza Santa Cruz, na ndiyo safari ya kwanza inayojulikana ya mchezo huo kwenye bara la Marekani. Karibu miaka thelathini baadaye, Mhawaii mmoja wa ile klabu ya Hui Nalu, aliyetoka kuchukua dhahabu ya kuogelea kwenye Olimpiki ya Stockholm ya 1912, akasafiri hadi Sydney, na katika kiangazi cha 1914 kuingia 1915 akawaonyesha Waaustralia jinsi ya kusimama juu ya wimbi. Wakafurahi sana. Australia ikawa nchi ya mawimbi.

Miaka sitini ikapita, wanafunzi wakarudi kwa mwalimu.

Upande wa kaskazini wa kisiwa cha Oahu kuna kipande cha pwani cha kilometa kama kumi na moja ambacho wakati wa baridi kinapokea mawimbi makubwa kuliko karibu popote. Miaka hiyo palikuwa kama fainali ya kombe la dunia ya mchezo huu. Msimu wa 1975 kuingia 1976 vijana wa Australia na Afrika Kusini walitua pale na njaa ya mafanikio, wakashinda karibu mashindano yote makubwa. Mpaka hapo hakuna neno, mpira unadunda. Tatizo likawa mdomo. Kwenye majarida ya safingi wakaanza majigambo, kwamba wao ndio wabora, kwamba Wahawaii wamebaki nyuma, kwamba mlango uliokuwa umefungwa wameuvunja.

Hebu fikiria hayo maneno yanasomwa na nani, na lini. Januari 1976, msimu ule ule, wanaharakati tisa wa Hawaii walivuka kwenda kisiwa cha Kaho'olawe, kisiwa chao kitakatifu ambacho jeshi la majini la Marekani lilikuwa linakitumia kama shabaha ya mabomu tangu 1941. Mei mwaka huo huo mtumbwi wa Hokule'a uliondoka kwenda Tahiti bila dira wala chombo chochote cha kisasa, kuonyesha dunia kwamba mababu zao walikuwa mabaharia wa nguvu. Watu walikuwa wanaamka. Kila kitu kimechukuliwa, nchi, lugha, mashamba, bado mnakuja kusema hata mchezo wetu mmetushinda, tena kwa dharau?

Mmoja wa wale Waaustralia aliporudi mwishoni mwa 1976 aliingia majini Sunset Beach kama kawaida yake. Akaona wenzake wote wanatoka mmoja mmoja. Kisha akazungukwa, akapigwa vibaya. Vitisho vya kuuawa vikafuata, naye na mwenzake wakajificha hotelini, hawatoki, hawalali.

Aliyewaokoa ni mtu ambaye angekuwa na sababu zote za kuwaacha wapigwe. Alikuwa Mhawaii, mlinzi wa ufukwe wa Waimea, ametoa mamia ya watu kwenye mawimbi ambayo hakuna mwingine aliyethubutu kuingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alialikwa mashindano Durban, Afrika Kusini. Alipofika hotelini akakataliwa chumba. Ngozi yake ilikuwa nyeusi mno kwa hoteli ya wazungu, na fukwe za Durban nazo zilikuwa zimegawanywa kwa rangi. Yeye, ambaye mababu zake ndio wenye mchezo, akaambiwa hana pa kulala kwenye mji uliomwalika aje kuucheza. Familia moja ya kizungu ya Durban ikamchukua nyumbani kwao. Kijana wa familia hiyo ndiye aliyekuja kushinda Pipeline kwenye ule msimu wa ugomvi.

Mlinzi huyu na familia yake wakaenda kuwachukua Waaustralia, wakaitisha kikao hotelini. Watu wakajaa, wenye hasira. Wageni wakakalishwa, wakaambiwa kosa lao kwa kirefu, na sio kosa la kushinda. Walichofundishwa ni kwamba hapa kuna watu, na watu hao wana historia. Vijana wakasikia, wakaruhusiwa kuishi kwa masharti ya adabu. Mwaka 2008 ilitoka filamu ya kweli kuhusu msimu huo, na wazee wale wa Australia wanaonekana wakilia mbele ya kamera.

Mlinzi mwenyewe hakuishi kuiona. Machi 1978 alikuwa ndani ya Hokule'a ulipopinduka usiku baharini. Akachukua ubao wake akaondoka kupiga makasia kwa mikono kwenda kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana tena.

Usije ukadhani kila kitu Hawaii kilikuwa cha kiungwana namna hiyo. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 ilizaliwa pia Hui O He'e Nalu, kundi maarufu kwa bukta zake nyeusi. Hoja yao ya kwanza ilikuwa ya haki kabisa: makampuni yanakuja na mashindano, yanafunga mawimbi bora msimu mzima, wanaokaa pale wanabaki kuangalia mchangani. Waliingia majini katikati ya mashindano kupinga. Baadaye waandaaji wakawapa kazi ya ulinzi wa majini, na watu wengi wakaokolewa nao. Lakini pia kuna wageni waliokula makofi bila kosa lolote, mtu katoka Brazili na likizo yake ya wiki mbili, hajui hata nani kamtukana nani mwaka 1976. Kumpiga huyo sio kudai nchi. Ni ubabe tu, na ndiyo sehemu ya stori ambayo wengine waliiona tamu.

Turudi California, maana huko ndiko ulikohamia ubabe bila historia yake.

Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Gidget, binti wa miaka ya ujana na washkaji zake wa Malibu, na kila mtoto wa Marekani akataka ubao. Mbao zenyewe zilishakuwa nyepesi na za bei nafuu. Miaka ya 1970 ikaja kamba ya kufunga mguuni. Inaonekana kitu kidogo, lakini kabla yake ukianguka ubao unakwenda zako hadi kwenye mawe na wewe unaufuata ukiogelea, kwa hiyo asiyeweza kuogelea sawasawa alikuwa haingii. Kamba ikafungua mlango kwa kila mtu. Mawimbi yakabaki yale yale, watu wakaongezeka mara nyingi. Vijana waliokulia pwani wakaanza kuandika ukutani, kutoboa matairi, kupaka vioo vya magari ya wageni nta ya ubao. Maneno waliyoyatumia yalikuwa yale yale ya Oahu.

Lunada Bay wakaenda mbali zaidi. Chini ya jabali walijenga kibanda cha mawe na simenti, chenye meza na sehemu ya kuchoma nyama, bila kibali chochote, kwenye ufukwe wa umma. Kikakaa miaka. Wageni wakasimulia kurushiwa mawe kutoka juu, magari kuharibiwa, wanawake kudhalilishwa. Baba akizeeka anamwachia mwanawe kazi ya kufukuza. Kwa macho ya mtu wa pembeni hii ni genge. Lakini magenge ya Los Angeles kwenye mitaa ya watu weusi na Walatino yalipelekewa helikopta na vifungo virefu. Hawa walikuwa majirani wa wapiga kura.

Na mji wenyewe hakuna anayeweza kusema ulikua hivyo kwa bahati. Ulipopangwa miaka ya 1920, hati za viwanja ziliweka masharti ya kuwazuia wasio wazungu kumiliki au kuishi pale, isipokuwa kama watumishi wa nyumbani. Mwendo mfupi kaskazini, Manhattan Beach, mke na mume weusi walinunua kiwanja cha ufukweni mwaka 1912 wakafungua sehemu ya kupumzika kwa watu weusi, maana kwingine walikuwa wanafukuzwa. Mwaka 1924 halmashauri ikaamua kukitwaa kwa kisingizio cha kujenga bustani. Kiwanja kilirudishwa kwa vitukuu mwaka 2022, na mwaka uliofuata wakakiuza kwa serikali ya wilaya kwa karibu dola milioni 20. Kwa hiyo mtu wa Palos Verdes anaposema yeye ndiye mwenyeji, inabidi aulizwe nani walizuiwa kuwa wenyeji ili yeye awe peke yake.

Baada ya ile video ya 2015 mambo yakabadilika. Machi 2016 kesi ikafunguliwa mahakama ya shirikisho dhidi ya kundi na mji wenyewe, na mmoja wa walalamikaji alikuwa askari polisi wa mji wa jirani. Hebu ona, askari mwenye bunduki nyumbani anahitaji mahakama ili aruhusiwe kuogelea. Tume ya pwani ya California ikaubana mji, na mwishoni mwa 2016 kibanda kikavunjwa. Kesi ya shirikisho haikuwapa wageni walichotaka, wakahamia mahakama za jimbo, ikazunguka miaka. Mwaka 2024 mji ukamaliza kwa makubaliano, ukikubali kuchukua hatua za kurahisisha watu kufika ufukweni. Bado wimbi zuri la Januari pale linahitaji moyo mgumu kwa mtu asiyejulikana.

Hawaii nako wenyeji wanaendelea kusukumwa, safari hii sio na manowari. Ni bei. Nyumba za karibu na Pipeline zimenunuliwa na kampuni za nguo za safingi na matajiri wa kutoka bara, nyingine zinakodishwa kwa watalii. Sensa ya Marekani ya 2020 ilionyesha jambo lililowashtua hata wenyewe: zaidi ya nusu ya watu wenye asili ya Hawaii hawaishi tena Hawaii. Wako California, wako Washington. Wengi wamejazana Las Vegas, Nevada, katikati ya jangwa, ambako nyumba ilikuwa rahisi na kazi za mahoteli zipo. Ni wengi kiasi kwamba mji huo wanauita kisiwa cha tisa. Ufukwe wa karibu ni mwendo wa saa nne kwa gari, upande wa Los Angeles.